Bibi Alizaa Wangapi? Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Ukubwa wa Familia Kizazi kwa Kizazi

Daftari la nne la hesabu ya ukoo nililoletewa mwaka huu lilikuwa na kosa lile lile. Ukurasa wa kwanza: "Babu, watoto 17." Wa pili: "Baba, watoto 8." Wa tatu: "Mimi, watoto 3." Chini yake mstari mwekundu, na maneno kwamba familia imepungua karibu mara sita kwa vizazi viwili tu.

Nikamuuliza mwenye daftari: babu alikuwa na wake wangapi? Watatu. Hao 17 ni waliozaliwa au waliokua? Hajui. Na yule dada yake bibi ambaye hakujaliwa mtoto, umemwandika wapi? Kimya.

Hakuna aliyedanganya. Ila kila ukurasa ulipimwa kwa rula yake. Babu alihesabiwa na wake zake wote, baba na mke mmoja, naye mwenye daftari bado yuko kwenye umri wa kuzaa. Mwongozo huu ni wa kushika rula moja toka mwanzo hadi mwisho. Kwa nini familia zinapungua ni mjadala wa siku nyingine. Kwanza tupate namba zinazoweza kusimama pamoja.

## Vitu vya kuandaa

- Kauntabuku moja yenye kurasa nyingi. Kila mama atapata ukurasa wake, na kurasa huisha haraka kuliko unavyodhani.
- Kalamu ya risasi na ufutio. Wino uje mwishoni.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti. Omba ruhusa kwanza.
- Punje za mahindi au maharage, kiganja kimoja. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 3.
- Kalenda ya matukio ya eneo lenu. Tutaitengeneza kwenye hatua ya 4.
- Picha za zamani, vyeti vya ubatizo au ndoa, kadi za kliniki, muhtasari wa vikao vya ukoo, chochote kilichoko kwenye sanduku la chini ya kitanda.
- Sukari, sabuni, au kitenge. Kwa mzee huendi mikono mitupu, na kazi hii itakupeleka kwa wazee zaidi ya mara moja.

Tenga mwezi mmoja na nusu wa siku za mapumziko. Anayesema ameimaliza kwa siku mbili amehesabu waliohudhuria harusi.

## Hatua ya 1: Hesabu kwa mama

Kipimo chako ni mwanamke mmoja na watoto aliowazaa yeye. Usihesabu kwa baba, kwa boma, wala kwa nyumba.

Sababu ni ndoa za wake wengi. Babu mwenye wake watatu na watoto 17 ana wastani wa watoto 5.7 kwa kila mke, na hiyo ndiyo namba unayoweza kuiweka kando ya mama yako. Tena mwanamume anaweza kuzaa hadi uzeeni, na huenda ana watoto wa nje ambao ukoo wake hauwajui. Mama akizaa, mkunga, jirani na mawifi wote wanajua.

Kuna mtego wa lugha hapa, na Kiswahili chetu kina raha yake lakini hakimhurumii mwenye kuhesabu. Mtu atakwambia "sisi tuko kumi na mmoja" akiwa amewajumlisha watoto wa mama mkubwa, mtoto wa kufikia aliyekuja na baba, na binamu aliyelelewa pale toka darasa la kwanza. Kwake wote ni ndugu, na ni kweli. Kwako swali ni moja: nani wa ziwa moja? Waandike wengine pembeni ukipenda, lakini wasiingie kwenye jumla.

Usichanganye pia mtoto na kaya. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na nimeona watu wakiiweka namba hiyo sambamba na watoto wa bibi. Kaya ni watu wanaokula pamoja, akiwemo mjomba aliyekuja kutafuta kazi. Haikwambii mama alizaa wangapi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumtaja kila mama utakayemwandikia ukurasa, hata kama bado hujui mtoto wake hata mmoja.

## Hatua ya 2: Chora jedwali kabla hujauliza lolote

Kila ukurasa uwe na jina la mama juu, mwaka wake wa kuzaliwa (hata wa kukadiria), kisha safu sita: majina yote ya mtoto, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, alizaliwa wapi, je alifikisha miaka 15, na nani aliyekupa habari hiyo.

Andika majina yote, siyo moja. Mtoto huyo huyo anaweza kuwa Tabu kwa bibi yake, Maria kanisani, na Mama Neema mtaani. Nimewahi kuwa na mtu mmoja kwenye mistari mitatu, na kwa siku nne niliamini nina mama mdogo wawili zaidi.

Safu ya miaka 15 ndiyo roho ya jedwali. Chini ya ukurasa utaandika jumla mbili: waliozaliwa wakiwa hai, na waliofika miaka 15. Ukiwa na jumla moja tu, hutajua unalinganisha uzazi na uzazi au uzazi na waliosalia. Mimba zilizoharibika na waliozaliwa wamekufa waandike chini kabisa, nje ya jumla zote mbili. Si kwa kuwadharau. Kizazi kimoja kitakwambia habari zao na kingine hakitazitamka, kwa hiyo huwezi kulinganisha.

## Hatua ya 3: Uliza majina, usiulize idadi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafika, wanaamkia, wanakunywa chai, halafu: "Bibi, ulizaa watoto wangapi?"

Kwa wazee wengi kuhesabu watoto ni mwiko, ni kama kumwita husuda aje na kikapu. Bibi atakujibu "Mungu alinijalia tu," na mlango umefungwa. Asiyejali mwiko naye atakutajia walio hai, kwa sababu ndio anaowaona kila Krismasi au kila Idi.

Fuata mtindo wa wadadisi wa zile tafiti za kitaifa za afya ya uzazi, ambao huligawa swali moja kuwa mengi madogo: wana wa kiume wanaoishi nawe, wa kike wanaoishi nawe, wa kiume walioko mbali, wa kike walioko mbali. Mwisho kabisa, na kwa upole, wavulana na wasichana waliozaliwa hai kisha wakafariki. Halafu huongeza jambo moja ambalo ni dhahabu: hata yule aliyelia tu, au aliyeonyesha dalili ya uhai, kisha akaondoka. Bila nyongeza hiyo, mtoto wa siku tatu hatajwi kamwe.

Kama mama mwenyewe ameshafariki, muulize mdogo wake wa kike au wifi yake. Watoto wake waache wawe wa mwisho. Mtoto hajui kilichotokea kabla hajapata akili, lakini mdogo mtu ndiye aliyembeba yule mchanga mgongoni.

Punje zinaingia hapa. Mpe mzee kiganja cha mahindi umwombe aweke punje moja kwa kila mtoto, kwa mpangilio, kutoka kifungua mimba hadi kitinda mimba. Wewe sema tu: "Halafu nani akafuata?" Usihesabu kwa sauti. Mkono unakumbuka utaratibu ambao mdomo unauruka, na hakuna aliyetaja namba.

Onyo: usiulize habari za waliofariki mbele ya wajukuu waliojaa sebuleni, wala siku ya msiba. Mzee akinyamaza, badilisha mazungumzo, ulizia mazao. Utarudi.

## Hatua ya 4: Tafuta mwaka bila kuuliza mwaka

Ukiuliza "alizaliwa mwaka gani" utapewa mwaka wa kwenye kadi, na kadi nyingi za wazee ziliandikwa kwa kukisia. Ndiyo maana utakuta ukoo mzima umezaliwa tarehe 1 Julai. Rekodi za shule nazo zina matatizo yake: kuna walioandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Mwenye mikono mirefu alizaliwa mapema.

Badala yake tumia matukio. Kwa Tanzania bara, anza na haya:

- Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907 (kwa wazazi wa wazazi wa bibi)
- Vita ya kwanza ya dunia, 1914 hadi 1918, na kwa Ugogo njaa kubwa ya Mtunya iliyofuatia
- Vita ya pili, 1939 hadi 1945
- Uhuru, Desemba 1961
- Azimio la Arusha, Februari 1967
- Kuhamia vijijini, hasa 1974
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979
- Kifo cha Sokoine, Aprili 1984
- Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996

Zanzibar weka Mapinduzi ya Januari 1964. Kenya weka hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, uhuru wa Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kisha ongeza ya kijijini kwenu: mwaka daraja lilipobebwa na maji, mwaka kanisa lilipoezekwa bati. Haya ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko yote, mradi umpate mtu wa kukuthibitishia mwaka wake.

Swali liwe hivi: "Mlipohamishiwa kijijini, huyu alikuwa anatembea au bado mnambeba?" Kubebwa, kutembea, kuchunga mbuzi, kuingia jandoni au kuvunja ungo ni vipimo vya umri ambavyo kila mzee anavyo kichwani. Ukikosea mwaka mmoja au miwili hakuna neno. Kumi, umeharibu.

## Hatua ya 5: Kagua mapengo

Sasa kaa peke yako na ukurasa. Andika tofauti ya miaka kati ya mtoto na mtoto.

Bibi zetu walinyonyesha muda mrefu, na hofu ya kumbemenda mtoto iliwaweka wazazi mbali hadi mtoto aachishwe ziwa. Kwa hiyo nafasi ya miaka miwili na nusu au mitatu ni ya kawaida kabisa. Ukiona nafasi ya miaka minne na zaidi katikati ya mpangilio huo, usipite. Kuna jibu pale. Ama mtoto alizaliwa akafa, ama mimba iliharibika, ama mume hakuwepo.

Nionyeshe wa kwangu. Mama yangu alinitajia ndugu zake wa ziwa moja, na pamoja naye wakawa sita: 1943, 1945, 1951, 1955, 1958, 1964. Tazama nafasi: miwili, sita, minne, mitatu, sita. Mapengo matatu. Mama alikuwa na hakika kwamba hakuna mwingine.

Nikaenda Njombe kwa mdogo wake bibi. Ilikuwa Juni, baridi ya kule unaijua, tulikaa jikoni karibu na mafiga akimenya viazi. Nilimpa punje. Akaweka ya kwanza, ya pili, akasita. Akachukua nyingine, akaiweka mbele ya zile mbili, kisha akaendelea kumenya kiazi kwa muda. "Huyu ni wa mwaka babu yako aliporudi kutoka mkonge," akasema. "Mtoto alikaa miezi miwili." Babu alikuwa Tanga akifanya kazi ya manamba toka 1946 hadi mwisho wa 1948. Mtoto ni wa 1949. Pengo la miaka sita likajibiwa mara mbili, na mume asiyekuwepo, na mtoto asiyekua.

Kabla hatujaondoka jikoni punje zilikuwa tisa. Wa 1953 aliondoka na surua akiwa na miaka mitatu. Wa 1961 hakutaka kumzungumzia sana, nami sikumsumbua. Mwaka tu ulinitosha.

Majina pia yanasema. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni anayezaliwa baada ya pacha. Ukiwa na Shija kwenye orodha na huna pacha, umepungukiwa watu wawili. Kwa Wajaluo, Okello au Akello humfuata pacha, naye Owiti au Awiti ni jina la mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki. Waganda wana Kizza baada ya pacha. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kama mkubwa wa kiume mliye naye ana jina la mzaa mama, uliza kwa upole aliyemtangulia yuko wapi.

Kagua pia mwisho wa orodha. Mama aliyezaa kitinda mimba akiwa na miaka 52, huku aliyetangulia akiwa na miaka 14, mara nyingi amelea mjukuu: binti alizaa nyumbani, mtoto akaitwa wa bibi. Hapa kuwa mwangalifu mno. Mhusika mwenyewe anaweza kuwa hajui. Sahihisha kwenye daftari lako kwa alama unayoielewa wewe, usisahihishe kwenye mazungumzo.

Hatua hii imekwisha pale kila pengo la miaka minne na zaidi linapokuwa na maelezo, hata kama maelezo ni "hataki kusema".

## Hatua ya 6: Nyaraka

Nyaraka zije baada ya wazee, kwa sababu ukienda kwenye kitabu bila kujua unachotafuta utatoka na vumbi tu.

Buku la ubatizo la parokia linaandika majina ya wazazi, kwa hiyo tafuta kwa wazazi, usitafute kwa mtoto. Utakuta na watoto waliobatizwa wakiwa mahututi ambao hakuna aliyekutajia. Mabuku ya zamani ya Kikatoliki yana maneno ya Kilatini. Usiogope, majina na tarehe vinasomeka. Nenda na barua kutoka jumuiya yenu, na nenda siku ambayo katibu wa parokia hana ndoa za kuandikisha. Wakatoliki waangalie pia orodha za marehemu wa ukoo zinazoandikwa kwa ajili ya misa za Novemba. Kwa Waislamu, ulizia kama yupo aliyeandika majina ya marehemu yanayosomwa kwenye hitima ya ukoo. Bibi ambaye hakukutajia mtoto aliyekufa anaweza kuwa anamwombea kwa jina kila mwaka.

Kadi ya kliniki ya mjamzito ni hazina iliyosahaulika: kuna mahali pa kuandika mimba ni ya ngapi, amezaa mara ngapi, na watoto walio hai ni wangapi. Kadi ya mimba ya mwisho inakupa karibu jumla yote ya mama huyo kwenye mistari mitatu, uongeze tu mtoto wa mimba hiyo.

Faili la mirathi la Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo hutaja warithi, hata wale ambao hawatajwi mezani. Ila ni wa baba, kwa hiyo wagawe kwa mama zao.

Na wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini? Usome kwa tahadhari. Ukisema "ameacha watoto 8" unahesabu walio hai siku ile tu. Tafuta ule unaosema "alijaliwa watoto 11, kati yao 3 wametangulia mbele za haki". Neno "ameacha" limeharibu madaftari mengi.

## Hatua ya 7: Nenda pembeni

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, nami niliiruka mara ya kwanza.

Ukipanda juu moja kwa moja, kutoka kwako hadi mama, hadi bibi, hadi mama yake bibi, unakutana na wale tu waliozaa. Asiyezaa hawezi kuwa bibi yako. Na mwenye watoto tisa ana milango tisa ya kupata wajukuu, mwenye mmoja ana mlango mmoja. Kwa hiyo mstari wa mababu unajaa wenye watoto wengi, hata kama wanawake wa enzi zao hawakuwa hivyo.

Dawa ni kuandika ukurasa kwa kila dada wa ziwa moja wa bibi aliyefika utu uzima, akiwemo ambaye hakuzaa. Bibi yangu walikuwa dada wanne. Yeye alizaa 9, wa pili 7, mdogo wao 4, na mkubwa wao 0. Huyo mkubwa hakuna aliyemtaja nyumbani kwetu miaka yote, maana hana mjukuu wa kumtaja. Alitokea tu pale jikoni, kwenye mazungumzo ya viazi.

Wanne hao walizaa jumla ya 20, wastani 5. Sasa jaribu njia ya wengi: waulize wale watoto 20 kila mmoja, "kwenu mlizaliwa wangapi?" Tisa watasema tisa, saba watasema saba, wanne watasema wanne. Jumlisha, gawa kwa 20, unapata 7.3. Wanawake ni wale wale, watoto ni wale wale, na namba imepanda kutoka 5 hadi 7.3 kwa sababu tu umemuuliza mtoto badala ya kumhesabu mama. Mwenye sifuri hakuwa na mtoto wa kuulizwa.

Usidhani wasiojaliwa walikuwa wachache kila mahali. Sehemu kama Bukoba na baadhi ya maeneo ya pwani, utasa ulikuwa tatizo kubwa enzi za ukoloni.

Amua mapema kama utafuata dada na mabinti tu, au utawaingiza na wake za wajomba. Mimi nilifuata upande wa kike peke yake kwa kuwa habari zake ni rahisi kupatikana. Chaguo lolote ni sawa, ila usilibadilishe njiani.

## Hatua ya 8: Panga kwa mwaka wa mama, kisha piga hesabu

Neno "kizazi" linapotosha. Mama mkubwa wa 1943 na mama mdogo wa 1964 ni kizazi kimoja kwa undugu, lakini mmoja alianza kuzaa karibu na uhuru, mwingine miaka ya themanini. Kama ukoo ni mkubwa, panga wanawake kwa mwaka wao wa kuzaliwa, makundi ya miaka 20. Kama ni mdogo kama wetu, panga kwa kizazi lakini andika miaka pembeni.

Ingiza tu mwanamke aliyefikisha miaka 45 au zaidi. Binti wa miaka 29 mwenye watoto wawili hajamaliza, na ukimweka utaona kupungua ambako hakupo. Waliofariki wakiwa bado wanazaa waandike, lakini uwatie alama.

Hili ndilo jedwali langu:

| Kundi | Wanawake | Waliozaliwa | Wastani | Waliofika 15 | Wastani |
|---|---|---|---|---|---|
| Bibi na dada zake | 4 | 20 | 5.0 | 13 | 3.25 |
| Mama na dada zake | 4 | 26 | 6.5 | 23 | 5.75 |
| Sisi tuliofika 45 | 5 | 17 | 3.4 | 17 | 3.4 |

Ningefuata mstari mnyoofu ningeandika 9, 7, 3, ngazi nzuri inayoshuka. Jedwali linasema kitu kingine. Familia kubwa ilikuwa ya mama zetu: walizaa kuliko bibi zetu, na watoto wao wakakua. Na ukitazama safu ya mwisho, bibi na sisi tuko karibu sawa, 3.25 na 3.4. Meza ya chakula ya bibi ilikuwa na watoto karibu idadi ya yangu. Tofauti ni makaburi yaliyoko nyuma ya nyumba yake.

Wanawake 13 ni wachache, kwa hiyo usilisemee kabila zima, "Wabena walikuwa hivi". Andika "sisi tulikuwa hivi". Karibu na wastani andika mkubwa na mdogo wa kila kundi (kwa bibi, 9 na 0), ili msomaji aone namba zilivyotawanyika.

Utajua umefaulu ukimpa mtu mwingine daftari, naye akapiga hesabu upya na kupata zako zile zile bila kukupigia simu.

## Hatua ya 9: Weka kando ya namba za nchi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi Tanzania ulipata watoto 5.8 kwa mwanamke mwaka 1996, na 4.8 mwaka 2022. Kenya ilikuwa kama 8 mwishoni mwa miaka ya sabini, ikashuka hadi 6.7 mwaka 1989 na 3.4 mwaka 2022. Ukoo wa Kenya wenye mama waliozaa nane nane haukuwa wa ajabu, ulikuwa katikati kabisa.

Ila elewa unachoweka kando. Namba hizo zinapima uzazi wa wanawake wa umri wote katika miaka michache kabla ya utafiti. Zako zinapima wanawake waliokwisha kumaliza. Wa kwako wa 1955 alizaa kati ya 1975 na 1992, kwa hiyo mlinganishe na namba za miaka hiyo, usimlinganishe na 2022. Kosa hili nimelikuta hata kwenye daftari la mwalimu wa hisabati.

Kwa safu ya waliokua, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania vilikuwa 147 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 1999, na 43 katika ule wa 2022.

## Hatua ya 10: Kabla hujatoa kopi

Andika sasa kwa wino. Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza ina majina yote, mapengo na alama zako za siri, inakaa sandukuni. Ya pili, ya kugawa kwenye kikao cha ukoo, ina mwaka wa mama na jumla zake mbili, bila majina ya watoto waliofariki na bila kitinda mimba yule mwenye alama.

Kisha rudi kwa mzee aliyekupa punje, umsomee ukurasa wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mdogo wake bibi alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia wa 1961 alikuwa wa kike, nami nilikuwa nimemwandika wa kiume.